Mama wa Barbados, Binti wa Brooklyn

Barbados ni kisiwa cha kilomita za mraba 430 hivi katika Karibiani ya mashariki. Kilikuwa koloni la Uingereza tangu 1627 hadi 1966, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kilikuwa kama shamba moja la miwa lililogawanywa kwa matajiri wachache. Utumwa ulifutwa mwaka 1834. Baada ya miaka minne zaidi ya kutumikishwa kwa jina la uanagenzi, waliokuwa watumwa wakawa huru kabisa mwaka 1838, ila hawakuwa na ardhi. Jamaika ilikuwa na milima, na wengi walipanda huko wakafyeka mashamba yao. Barbados haikuwa na pori la kukimbilia, kwani karibu kila kipande kilikuwa na miwa. Sheria zilizotungwa baadaye zilimfunga kibarua kwa mwenye shamba: aliyeishi kwenye ardhi ya tajiri alipaswa kumfanyia tajiri kazi, na aliyegoma alihamishwa.

Hali hiyo ilizaa nyumba ya aina yake. Ilikuwa ya mbao, ya vyumba viwili hivi, na haikuchimbiwa msingi. Ilikalishwa juu ya mawe yaliyopangwa tu. Familia ikifukuzwa, nyumba ilifunguliwa ubavu kwa ubavu, ikapakiwa kwenye mkokoteni na kusimamishwa mahali pengine. Nyumba ilikuwa yao, kiwanja hakikuwa chao. Watoto nao waliingia shambani mapema, katika kikosi chao maalumu cha kung'oa magugu, chini ya msimamizi mwenye fimbo. Msichana mwenye kichwa chepesi angeweza kumaliza shule ya msingi, maana wamisionari na serikali walizijenga za kutosha, na watu wa Barbados walisifika kwa kujua kusoma. Shule ya sekondari ilikuwa habari nyingine. Queen's College, iliyofunguliwa mwaka 1883 kwa ajili ya wasichana, ilitoza ada ambayo mkata miwa asingeipata, na ada za sekondari za serikali hazikufutwa kisiwani hadi mwaka 1962.

Mlango wa kutokea ulikuwa Panama. Marekani ilipoanza kuchimba mfereji wake mwaka 1904, mawakala walikuja Bridgetown, mji mkuu wa kisiwa, kutafuta nguvukazi. Katika miaka kumi ya ujenzi vijana wapatao 20,000 waliondoka kwa mkataba, na wengine wengi kwa nauli yao wenyewe, kutoka kisiwa chenye watu wasiofika laki mbili. Huko waliwekwa kwenye orodha ya malipo ya fedha, huku Wamarekani weupe wakiwa kwenye orodha ya dhahabu, na tofauti hiyo iliamua mshahara, chakula, mahali pa kulala, hata dirisha la posta. Baruti, maporomoko ya udongo na nimonia viliua wengi. Pesa iliyofika nyumbani, iwe akiba au fidia ya marehemu, iliitwa pesa ya Panama. Kiasi chake kilinunua viwanja vidogo wakati mashamba yaliyofilisika yalipokuwa yanakatwakatwa na kuuzwa, na kiasi kingine kilinunua tiketi za meli kwenda New York. Mara nyingi aliyepanda meli hiyo alikuwa msichana, dada au binti wa mchimbaji mfereji.

Jambo hili halitajwi vya kutosha. Mama ambaye baadaye angekumbukwa na watoto wake kama askari wa nidhamu alikuwa, katika umri wa miaka 18 au 20, msichana aliyewaacha wazazi, akapanda meli peke yake na kwenda kwenye jiji ambamo hakumjua mtu ila binamu mmoja na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi. Kwa kipimo cha kijiji chake alikuwa mtundu.

Wimbi la kwanza la wahamiaji wa visiwa vya Karibiani lilifika kati ya mwaka 1900 na 1924. Kufikia miaka ya 1920, karibu robo ya watu weusi wa mtaa wa Harlem, New York, walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani, wengi wao visiwani. Mwaka 1924 sheria mpya ya uhamiaji ilibana mlango, na katika baadhi ya miaka ya mdororo wa uchumi waliorudi makwao waliwazidi waliokuja. Kwa hiyo kizazi hiki kilibaki kidogo na kilichojifunga. Watu walijuana kwa parokia walizotoka kisiwani, na habari za mtoto wa fulani zilifika kwa mama yake kabla mtoto mwenyewe hajafika nyumbani.

Kazi iliyomngoja mwanamke mweusi New York, hata mwenye cheti cha shule ya Kiingereza, ilikuwa moja ya mbili: kiwanda cha nguo kama angebahatika, au kusafisha nyumba za Wazungu. Ya pili ndiyo iliyochukua wengi. Asubuhi mwanamke alitoka Brooklyn ya kati na mfuko wenye aproni na viatu vya kazi, akaenda Flatbush au Sheepshead Bay, akapiga magoti na kusugua sakafu ya mtu kwa malipo ya siku. Mdororo ulipokaza, hata kazi ya siku ikawa ya kugombaniwa. Mwezi Novemba 1935 Ella Baker na Marvel Cooke walichapisha katika jarida la The Crisis uchunguzi wao juu ya kona za barabara za Bronx ambako wanawake weusi walisimama tangu alfajiri, wakisubiri mama wa nyumba aje kuwachagua na kupatana nao bei ya senti chache kwa saa. Walizilinganisha kona hizo na soko la watumwa, na mjukuu wa watumwa wa Barbados hakuhitaji kuelezwa maana yake.

Wanawake hao hawakupanga kubaki magotini. Pesa ya siku iligawanywa: ya chakula, ya kodi, ya kutuma kisiwani, na ya upatu. Upatu huo uliitwa susu katika visiwa vingi, neno lililovuka bahari kutoka Afrika Magharibi, na uliendeshwa kama unavyoendeshwa Mombasa au Tanga: kila wiki kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila wiki mmoja anakula chote. Hapakuwa na karatasi wala benki, na benki kwa kweli hazikuwataka. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ramani za shirika la serikali la mikopo ya nyumba ziliupa mtaa wa Bedford-Stuyvesant, Brooklyn, daraja la D, rangi nyekundu, kwa maana ya mtaa usiofaa kukopeshwa, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa watu weusi waliokuwa wakihamia. Njia ya kuhamia ilikuwa imerahisishwa mwaka 1936, treni ya chini ya ardhi ilipounganisha Harlem na mtaa huo. Ndiyo treni A ambayo Billy Strayhorn aliitungia muziki.

Bedford-Stuyvesant ilikuwa na safu ndefu za nyumba za ghorofa tatu au nne, zenye uso wa mawe ya kahawia na ngazi pana za kupandia mlangoni, zilizojengwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu wenye uwezo. Wazungu walipoanza kuondoka, familia za Barbados zilianza kwa kuzikodi, kisha kuzinunua kwa malipo ya mwanzo yaliyotoka kwenye upatu na mikopo ya riba kubwa. Hesabu ilikuwa rahisi na ngumu kwa pamoja. Familia ilijibana kwenye ghorofa moja, vyumba vingine vyote vikapangishwa kimoja kimoja, na kodi za wapangaji zikalipa rehani. Mama akawa mwenye nyumba jioni na mtumishi wa ndani mchana. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, na Rais Roosevelt akapiga marufuku mwaka 1941 ubaguzi katika viwanda vya silaha, wengi waliacha ndoo na kwenda kwenye mashine, na ununuzi wa nyumba ukaenda mbio.

Nyumba ilikuwa nusu ya mradi. Nusu ya pili ilikuwa mtoto, na hasa binti. Hilo nalo lina sababu yake. Mtoto wa kiume alionekana kuwa na njia nyingine za kupata riziki, hata kama ni za mabega. Binti asiyesoma alikuwa na njia moja tu, na mama aliijua kwa magoti yake. Kilichoufanya mradi huo uwezekane ni kwamba vyuo vya jiji la New York havikutoza ada hadi mwaka 1976. Brooklyn College na Hunter College vilimpokea msichana mwenye alama nzuri, na gharama yake kubwa ilikuwa nauli ya treni. Mama aliyesugua sakafu Flatbush aliweza kuona majengo ya Brooklyn College, yaliyoko karibu na hapo hapo, na akajua kwamba kizuizi ni alama. Alama zilikuwa jambo la nidhamu, na nidhamu ilikuwa kitu alichoweza kukitoa yeye mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu.

Kwa hiyo binti alilelewa kwa kanuni ambazo wenzake wa mtaani walizishangaa. Alirudi nyumbani moja kwa moja kutoka shule. Alijifunza piano, kwa kuwa piano sebuleni ilikuwa alama ya adabu kwa Waingereza wa zama za Malkia Victoria ambao visiwa viliwaiga. Jumapili alikwenda kanisani zaidi ya mara moja. Hakutakiwa kuongea kama watoto wa Marekani, wala kucheza na watoto wa watu weusi waliotoka Kusini mwa nchi hiyo, ambao wahamiaji wengi waliwaona wazembe. Dharau hiyo haikuwa na haki, na iliwaumiza mabinti wenyewe, ambao mbele ya macho ya Mzungu walikuwa weusi tu kama wengine.

Ruby Seale, mshonaji kutoka Barbados aliyeishi Brooklyn, alikutana na changamoto ya malezi mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1920, akiona kwamba mshahara wake na wa mumewe haitoshi kulea watoto na kuweka akiba, aliwapeleka binti zake watatu kwa mama yake kijijini Vauxhall, Barbados. Mkubwa wao, Shirley, alikuwa bado mtoto mdogo. Walikaa huko hadi 1934, wakisoma katika shule ya kikoloni yenye chumba kimoja kikubwa na viboko, na bibi yao, Emaline Seale, hakuwa mpole kuliko mwalimu. Waliporudi Brooklyn mama alikuwa akifanya kazi za ndani kwa Wazungu. Shirley alivaa ufunguo wa nyumba shingoni kwa uzi, akawa ndiye anayewachukua wadogo zake shuleni saa ya chakula cha mchana. Alipomaliza Girls' High School mwaka 1942 alipewa ufadhili na Vassar na Oberlin, vyuo vyenye jina kubwa, lakini gharama za bweni ziliwashinda wazazi. Akaenda Brooklyn College na kumaliza mwaka 1946. Mwaka mmoja kabla yake wazazi walikuwa wamenunua nyumba yao kwa dola 10,000, kwa mishahara ya kibarua wa kiwanda na mtumishi wa ndani. Shirley Chisholm, kwa jina la ndoa, alichaguliwa mwaka 1968 kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani, na mwaka 1972 aliwania urais. Katika kumbukumbu zake alisifu ukali wa shule za Barbados, lakini pia alieleza nyumba ya mama yake ambamo msichana wa umri wa kwenda dansi alihesabiwa dakika.

Si kila mama wa visiwani alitaka jambo lilelile. Constance Baker Motley, aliyezaliwa New Haven mwaka 1921 kwa wazazi kutoka Nevis, alipenda kusimulia kwamba alipotangaza nia ya kuwa mwanasheria, mama yake alipendekeza ususi wa nywele. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyelijua soko la kazi: msusi mweusi alikuwa na wateja, wakili mweusi wa kike hakuwa nao. Motley hakusikia. Mwaka 1966 aliteuliwa kuwa jaji wa kwanza mwanamke mweusi katika mahakama za shirikisho. Kisa hicho kinasaidia kuona kwamba matarajio ya mama mhamiaji hayakuwa ndoto zisizo na mipaka. Yalikuwa makadirio ya hatari, na makosa yake mara nyingi yalikuwa ya kukadiria chini kile ambacho Marekani ingelazimika kukiachia.

Harlem, katika nyumba ya Linda Belmar Lorde, ukali ulichukua sura ya ukimya. Linda alitoka Grenada, mwenye asili ya kisiwa kidogo cha Carriacou, na mumewe alitoka Barbados. Waliingia New York mwaka 1924. Linda alikuwa mweupe wa ngozi kiasi cha kuweza kudhaniwa Mhispania, na wakati fulani alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa chai kwa kudhaniwa hivyo. Siku alipougua, mume mweusi alikwenda kurudisha sare yake, na kazi ikaisha. Binti yake mdogo, Audre, aliyezaliwa mwaka 1934, anasimulia hayo katika kitabu chake Zami cha mwaka 1982, pamoja na habari ya mama aliyekasirikia upepo na watu wasio na adabu kila mtoto wake alipotemewa mate barabarani, asiseme kamwe kwamba mate hayo yalikusudiwa. Darasa la sita, Audre, mwenye alama za juu kuliko wote, aligombea uongozi wa darasa akashindwa. Alirudi nyumbani akilia, na mama akamghadhibikia kwa kutarajia kitu ambacho Wazungu wasingempa. Alama za juu zilikuwa wajibu, na kutegemea kwamba zitalipwa kulikuwa upumbavu. Kwa mtoto, masharti hayo mawili hayakukaa pamoja. Alihama nyumbani muda mfupi baada ya kumaliza sekondari Hunter College High School, akajilipia maisha kwa vibarua hadi alipopata shahada yake mwaka 1959.

Mwaka huohuo wa 1959 kilitoka kitabu kilicholiweka jambo zima mezani. Paule Marshall alizaliwa Brooklyn mwaka 1929 kwa wazazi wa Barbados. Baba aliiacha familia akamfuata mhubiri Father Divine, na mama akabaki na kazi za siku. Baadaye, katika insha ya 1983, Marshall aliwataja walimu wake wa kwanza wa uandishi kuwa mama yake na rafiki zake, waliokaa jikoni baada ya kazi, chai au kakao mezani, wakichambua siasa, vita, waajiri wao na wanaume kwa lugha ya kisiwa, huku wasichana wawili wamekaa pembeni wasiotarajiwa kuchangia. Wanawake hao walionyimwa kila jukwaa walikuwa nalo moja, na binti aliyetakiwa kunyamaza alisikiliza kila neno.

Riwaya yake, Brown Girl, Brownstones, inamweka Silla Boyce mbele ya binti yake Selina. Silla anataka nyumba. Mumewe, Deighton, amerithi kiwanja Barbados na anaota kurudi kujenga huko. Silla anaghushi barua, anauza kiwanja bila mume kujua, na Deighton akipata fedha anazimaliza kwa zawadi katika siku moja. Mwishowe Silla anamshtaki kwa idara ya uhamiaji. Deighton anafukuzwa nchini, na anazama baharini karibu na pwani ya kisiwa chake. Selina anakua akimchukia mama kwa hilo. Chama cha wamiliki wa nyumba wenye asili ya Barbados kinatoa ufadhili wa masomo, naye anauwania kwa hila, akikusudia kuchukua fedha na kutoroka na mpenzi wake. Anashinda, kisha anaukataa mbele ya wanachama wote. Anapoagana na mama anamkumbusha kwamba Silla mwenyewe aliondoka kwao akiwa na miaka 18 na kujitegemea, na kwamba yeye anataka hilo tu.

Marshall hakumfanya mama kuwa shetani, na hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo. Silla ni mkali kwa sababu alikuwa mtoto wa kikosi cha magugu kule shambani. Kosa lake ni la hesabu: anamtoza binti gharama ya safari ambayo binti hakuiagiza, na anamdai utii ambao yeye mwenyewe hakuwapa wazazi wake. Kitabu kiliuzwa kidogo kilipotoka. Kilichapishwa upya mwaka 1981, wakati vyuo vilipokuwa na walimu na wanafunzi wengi ambao walikuwa, kwa kweli, akina Selina.

Kwa muda mrefu baada ya vita hawakuwapo wageni wengi wa kurudia kisa hicho. Sheria ya 1952 iliweka kikomo cha watu 100 kwa mwaka kwa kila koloni, hivyo wahamiaji wa Barbados wakageukia Uingereza, ambako shirika la usafiri la London lilianza kuajiri Bridgetown mwaka 1956. Mwaka 1965 Marekani ilibadili sheria yake tena, na wimbi la pili likaanza, kubwa kuliko la kwanza, likielekea Flatbush, Crown Heights na East Flatbush. Mtaa ambao mama wa miaka ya 1930 aliusafisha sasa ulikuwa na wapangaji na wenye nyumba kutoka visiwani.

Akina mama wa wimbi hili wengi walikuja kama wauguzi, wasaidizi wa wagonjwa na walezi wa watoto, na mara nyingi walitangulia peke yao. Watoto walibaki kwa bibi miaka miwili, mitano, hata kumi, wakisubiri hati. Mama alituma pipa, la plastiki au la kadibodi ngumu, limejazwa mchele, sabuni, viatu na madaftari, hata msomi wa Jamaika Claudette Crawford-Brown akawaita watoto hao watoto wa mapipa. Msichana aliyefika Brooklyn akiwa na miaka 12 alimkuta mwanamke anayemfahamu kwa sauti ya simu na harufu ya pipa. Mwanamke huyo alikuwa anafanya zamu mbili, na alitaka ripoti ya shule mwisho wa muhula. Binti wa zama za Selina aligombana na mama aliyemjua kupita kiasi. Huyu aligombana na mama ambaye bado alikuwa anajifunza kumwita mama, na mara nyingi akamlilia bibi. Wakati mwingine binti ndiye aliyetangulizwa. Jamaica Kincaid, aliyezaliwa Antigua mwaka 1949, alitumwa karibu na New York akiwa kijana wa miaka 16 hivi kulea watoto wa familia tajiri na kutuma pesa nyumbani. Baada ya muda aliacha kutuma pesa, akaacha kufungua barua za mama yake, na mwaka 1973 akabadili jina ili aandike bila ya watu wa kwao kujua kwamba ni yeye.